Cha bure kina malipo: Mchezo wa simu uliokopa maneno yetu

MAJUZI, likizo ya Agosti ikikaribia kwisha, mpwa wangu aliye kidato cha tatu aliniita sebuleni kwa sauti ya mtu aliyeona maajabu. "Mjomba, kuja uone! Hii gemu inaongea Kiswahili!"

Nilienda nikidhani ni utani. Kwenye kioo cha simu alikuwapo msichana mdogo aitwaye Kachina, na mazungumzo yalikuwa ya Kiingereza kitupu. Lakini katikati ya Kiingereza hicho lilisimama neno moja ninalolijua tangu utotoni: Uthabiti. Hilo, mpwa wangu akanieleza, ndilo jina la heshima alilorithi msichana huyo. Kisha akaniuliza swali lililonifanya nikae chini. "Sasa mjomba, uthabiti ni nini hasa? Mimi najua tu msimamo."

Kijana wa Kikenya anafunzwa neno la Kiswahili na mchezo uliotengenezwa Shanghai! Tangu siku hiyo nimeucheza mchezo wenyewe kwa wiki kadhaa, usiku baada ya kusahihisha kazi za wanafunzi. Leo ningependa tuuhakiki jinsi tunavyohakiki riwaya au tamthilia, kwa sababu una hadithi, wahusika na mandhari. Tutauhakiki pia jinsi tunavyohakiki mkataba, kwa sababu ndani yake mna biashara, na biashara hiyo inafanywa kwa maneno.

Mchezo huo ni Genshin Impact, kazi ya kampuni ya miHoYo ya Uchina. Ulitolewa Septemba 28, 2020. Upo katika kundi la michezo ambamo mchezaji huingia ndani ya kisa, akashika nafasi ya mhusika, akamkuza na kumpa nguvu hatua kwa hatua. Dunia yake inaitwa Teyvat, na kila nchi ndani yake imechorwa kwa kuangalia sehemu fulani ya dunia yetu: Mondstadt ina sura ya Ujerumani, Liyue ya Uchina, Inazuma ya Japani, Fontaine ya Ufaransa. Natlan, iliyofunguliwa Agosti 28, 2024, ilichota kutoka Amerika ya wenyeji wa asili, visiwa vya Pasifiki na Afrika. Huko mashujaa hupewa Majina ya Kale ambayo hupita kutoka kizazi hadi kizazi. Msomaji aliyepewa jina la babu au nyanya yake hahitaji kuelezwa zaidi. Kachina ni Uthabiti, Mualani ni Umoja, na kijana mwindaji aitwaye Kinich ni Malipo.

Wengine watauliza kwa hasira ni nani aliyewapa ruhusa. Mimi sina ugomvi na ukopaji wa maneno. Kiswahili chenyewe kimekopa meza, shule, kitabu na basi, na hakuna aliyetutumia bili. Hii wala si mara ya kwanza mchezo kubeba jina letu. Leslie Scott, aliyezaliwa Tanganyika, aliuza mchezo wake wa kupanga vijiti vya mbao London mwaka wa 1983 kwa jina la Jenga, na leo watu wasiojua hata salamu ya Kiswahili hulitamka neno hilo kila Krismasi. Filamu ya The Lion King ya 1994 ilieneza simba na rafiki kote duniani. Neno likisafiri, mwenyewe hapungukiwi.

Ninachotaka kukiangalia ni kwamba mchezo uliolichukua neno malipo umetangazwa kuwa ni wa bure.

Tuanze na haki yake, kwa maana mhakiki asiyeona uzuri hana sifa ya kuonyesha ubovu. Mchezo huu unapendeza. Mlima wowote unaouona kwa mbali unaweza kuupanda kwa mikono, ukifika kileleni ukafungua mabawa na kuelea hadi bondeni. Muziki wake ni wa okestra, na kila nchi ina sauti yake. Hakuna matangazo ya biashara yanayokukatiza kila dakika mbili kama kwenye michezo mingine ya simu. Hadithi kuu, ambayo ni ndefu kuliko riwaya nyingi tunazotahini shuleni, unaweza kuimaliza bila kulipa senti. Nimekutana humo na wahusika walioandikwa kwa makini: mzee anayejifunza kuishi kama raia wa kawaida baada ya kuwa mungu, mtoto asiyeamini kwamba anastahili jina alilopewa. Kachina ni mmoja wao, na ndiyo maana neno uthabiti lilimkaa mpwa wangu kichwani. Angelisoma kwenye orodha ya msamiati angelisahau kabla ya kengele.

Basi kero iko wapi? Iko katika neno bure.

Kiswahili kina busara fulani katika neno hili. Bure ni kitu kisichotozwa pesa: "Matibabu ni ya bure." Bure pia ni juhudi isiyozaa matunda: "Nimetembea bure, ofisi imefungwa." Tena bure ni hali ya kutofaa: "Yule ni mtu bure." Ukitaka kukazia unasema bure bilashi, na bilashi yenyewe ni ya asili ya Kiarabu, maana yake bila kitu. Waingereza wana neno moja la kisicholipiwa na jingine la kazi ya hasara. Sisi tumeziweka maana hizo katika chungu kimoja, na kila mara tunaposikia kitu ni cha bure, masikio yetu yana haki ya kuuliza: ni bure ipi?

Hata kuingia tu kunakula pesa. Mchezo huu kwenye simu unahitaji zaidi ya gigabaiti 20 za nafasi. Anayenunua bando kidogokidogo anajua hizo ni pesa ngapi, na anajua pia kwamba simu ya bei ya chini haitaubeba. Mpwa wangu aliupakua kwa intaneti ya kwangu, nikidhani anasoma.

Ukishaingia, dunia iko wazi, lakini wahusika wengi wa kupendeza hawapatikani kwa kufuata hadithi. Wanapatikana kwa bahati nasibu ambayo wachezaji huiita gacha. Neno hili lingemfurahisha mwalimu yeyote wa sarufi, kwa sababu ni tanakali ya sauti. Huko Japani kuna mashine za vitu vya kuchezea ziitwazo gachapon: unatia sarafu, unazungusha mkono wa mashine, unasikia "gacha", kisha kidude kinadondoka, "pon". Hujui umepata nini mpaka ukifungue. Jina limehifadhi sauti ya mkono ukizunguka na kuiacha sarafu nje ya kumbukumbu. Mwaka wa 2012, mamlaka ya kuwalinda watumiaji nchini Japani ilipiga marufuku aina moja ya gacha, ile iliyomtaka mchezaji akusanye seti nzima ya zawadi za bahati ndipo apewe zawadi kubwa.

Katika Genshin Impact, kuzungusha huko kunaitwa kuomba, kama mtu anayetoa dua kwa nyota. Ombi moja hugharimu vito 160 vya Primogem. Uwezekano wa kupata mhusika wa daraja la juu kwa ombi moja ni asilimia 0.6, yaani mara sita katika maombi elfu moja. Ukikosa mfululizo, ombi la 90 lazima likupe mmoja. Wachezaji huiita kanuni hiyo huruma. Lakini huyo mmoja anaweza kuwa siye uliyemtaka, na hapo utalazimika kuanza safari upya. Kwa bahati mbaya kabisa, mhusika mmoja uliyemchagua atakugharimu maombi 180, yaani vito 28,800.

Je, vito hivyo ni shilingi ngapi? Hapa ndipo ngoma ilipo. Hununui vito kwa pesa moja kwa moja. Kwanza pesa yako inageuzwa kuwa fuwele, fuwele zinageuzwa kuwa vito, vito vinageuzwa kuwa tiketi, na tiketi ndiyo inayotumika kuomba. Shilingi ikishavushwa mito mitatu, nani bado anaitambua? Pakiti ndogo kabisa ina fuwele 60, ilhali ombi linataka vito 160. Ukinunua pakiti mbili umepungukiwa na 40. Ukinunua tatu unabaki na 20 ambazo hazina kazi mpaka ununue tena. Mwenye duka la mtaani angekuuzia sukari kwa vipimo hivi, ungemwambia "wacha mchezo".

Nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Pakiti kubwa, ukiacha nyongeza ya mnunuzi wa mara ya kwanza, ni fuwele 8,080 kwa dola 99.99. Kwa bei hiyo, ambayo ndiyo nafuu zaidi katika pakiti za fuwele, ombi moja ni karibu dola mbili, yaani takriban Sh250. Hiyo ni mikate mitatu na chenji. Maombi 180 yanapita dola 350, na hizo ni zaidi ya Sh45,000. Sidhani kuna mzazi ambaye mtoto akimwambia "naomba tu nyota" anasikia Sh45,000.

Mtetezi wa mchezo atajibu kwamba hakuna anayelazimishwa. Ni kweli. Vito hupatikana pia kwa kucheza. Kazi nne za kila siku hukupa vito 60, na kuna masanduku, matamasha na sura mpya za hadithi zinazoongeza. Lakini ukitegemea kazi hizo za kila siku pekee, kile kiwango cha juu cha vito 28,800 kitakuchukua siku 480. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki ni cha mwaka mmoja na miezi minne. Na mhusika unayemngoja hakai. Huwekwa kwenye maonyesho kwa wiki tatu hivi kisha huondolewa, na siku ya kurudi kwake haitangazwi mapema.

Ndipo inapoingia ile bure ya pili, bure ya kupoteza. Ili kuwaimarisha wahusika unahitaji utomvu, ambao hujirudisha tone moja kila dakika nane hadi ufike 200, ukakoma. Ukisahau kuingia siku mbili, uliopaswa kuupata umepotea. Utomvu huo unautumia kutafuta hirizi tano za kumvika mhusika: ua, unyoya, saa ya mchanga, kikombe na taji. Kila hirizi ina sifa zinazotolewa kwa bahati, na zikiongezwa nguvu, zinaongezwa kwa bahati tena. Unaweza kufanya hivyo mwezi mzima ukatoka na rundo la vitu bure. Ajabu ni kwamba hapa hata tajiri hana njia ya mkato ya kuaminika, kwa maana utomvu wa ziada una kikomo kila siku. Mchezo ulioanza kwa kukuacha upande mlima wowote sasa unakupangia ratiba. Riwaya niliyoipenda jana nikiiacha mezani kwa wiki, nitaikuta palepale. Mchezo huu hunihesabia siku nisizokuja.

Wakazi wa Nairobi wa miaka mingi wanaujua mchezo mwingine, ule wa kadi tatu unaochezwa kando ya kituo cha magari na vijana wenye mikono myepesi. Unaitwa pata potea. Sisemi kwamba michezo hii miwili ni sawa. Pata potea ni ulaghai mtupu, ilhali Genshin Impact huchapisha asilimia zake na hutimiza ahadi ya ombi la 90. Lakini tulinganishe majina. Aliyeupa mchezo wa kadi jina lake alitumia vitenzi viwili, na cha pili ni onyo: potea. Hakuna anayechuchumaa pale akasema hakuambiwa. Msamiati wa mchezo wa simu umejaa nyota, dua, hatima na huruma. Hauna bei, hauna dau, hauna hasara. Maneno ya ibada yamefanyishwa kazi ya kaunta.

Na maneno haya hufanya kazi vizuri zaidi kwa watoto. Mwenzangu kazini aligundua kwamba bintiye wa miaka kumi na miwili alikuwa amelipia mchezo mwingine, ambao sina haja ya kuutaja, kupitia simu ya mamake. Zilikuwa Sh100 hapa, Sh130 pale, kwa karibu miezi miwili. Hakuna siku moja iliyotosha kumshtua mtu. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mtoto alipoulizwa kwa nini ametumia pesa, alilia na kusema hakutumia pesa, alitumia almasi. Mwenzangu alidhani anadanganywa. Mimi nadhani mtoto alisema alichofunzwa na lugha ya mchezo ule.

Wenye mamlaka kwingine wameanza kuliona jambo hili kama suala la lugha pia. Januari 2025, Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza maafikiano na kampuni inayouza Genshin Impact nchini humo. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 20. Ilitakiwa isiwauzie walio chini ya miaka 16 bahati nasibu hizo bila idhini ya mzazi, iweke wazi uwezekano wa kushinda na viwango vya kubadilisha sarafu zake, na iwawezeshe watu kununua moja kwa moja kwa pesa halisi. Lalamiko mojawapo la tume lilikuwa kwamba msururu wa sarafu za kubuni uliwachanganya watoto wasijue wanatumia kiasi gani. Kwa maneno mengine, tume ilidai bei isemwe kwa lugha ambayo mnunuzi anaielewa.

Turudi Natlan, kwenye lile jina Malipo. Kwetu neno hili lina pande mbili. Ni ujira au bei ya kitu, na ni jaza ya tendo, jema au ovu. Anayesema "malipo ni hapahapa duniani" hazungumzii risiti. Kinich amechorwa kama mtu anayepima faida na hasara na kuamini kwamba kila kitu kina bei yake, wala hafichi bei hiyo. Waandishi wa mchezo walilichagua neno vizuri kuliko walivyojua, na mhusika wao ni mkweli kuliko duka linalomtoa. Wala usisahau kwamba naye hupatikana kwa kuomba.

Mchezo huu husomeka kwa lugha 15, na sauti zake zimerekodiwa kwa nne: Kichina, Kijapani, Kiingereza na Kikorea. Kiswahili hakimo. Maneno yetu yamo kama mapambo matukufu, lakini maelezo ya bei hayamo katika lugha yetu. Natlan ilipoonyeshwa Julai 2024, wachezaji wengi na baadhi ya waigizaji wa sauti walilalamika kwamba wahusika waliopewa majina ya imani za Kiyoruba na za wenyeji wa Amerika, akiwemo Ororon na Iansan, walipakwa rangi nyeupe au hudhurungi hafifu tu. Lalamiko lile lina uzito. Mimi naongeza langu dogo: anayeona neno malipo linafaa shujaa, aone pia linafaa kuandikwa juu ya kitufe cha kununulia.

Sisi nasi tuna kazi ya kufanya. Nimesikia watangazaji na hata walimu wakiiita michezo hii "michezo ya bure". Tukiendelea hivyo tutakuwa tumewasaidia wauzaji kuficha. Kiswahili cha mabango yetu tayari kina usemi unaotosha. Tamasha likitangazwa mtaani huandikwa "Kiingilio: bure", na kila mtu anaelewa kwamba soda, chakula na kuegesha gari vitalipiwa ndani. Napendekeza tuiite michezo ya kiingilio bure. Mzazi akisikia hivyo atauliza swali linalofuata bila kufundishwa: na ndani ni pesa ngapi?

Nilimjaribia mpwa wangu jina hilo siku ya kurudi shuleni, akiwa anafunga sanduku. Alicheka, akasema ni refu. Kisha akafungua simu mara ya mwisho kabla ya kunikabidhi niihifadhi hadi Oktoba, akahesabu vito vyake na kugawanya kwa 160. "Mjomba, kumbe hapa nimekalia thao tano na sijui," akasema.

Nilimwambia asiziombee nyota kabla hajajua anazitaka za nini. Akanijibu kwamba anamngoja Malipo arudi.